Misa ya Vanhal kwa Bibi Natalia

Euless, Texas
7 Juni 2004

Kwa Mheshimiwa Katibu,
Jumuiya ya Wakatoliki Wasemao Kiswahili,
Stafford, Texas.

YAH: OMBI LA KUIMBWA KWA KYRIE YA BWANA VANHAL

Mheshimiwa Katibu,

Kwa heshima na taadhima, mimi niliyetia sahihi hapa chini, Mugisho Balthazar, mzaliwa wa Bukavu, mkazi wa Euless na mfanyakazi wa ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, nakuletea ombi langu. Dhumuni la barua hii ni kuiomba Jumuiya yako tukufu iiruhusu kwaya yake kuimba, katika Misa ya Kiswahili ya Jumapili tarehe 11 Julai, sehemu iitwayo Kyrie eleison, yaani "Bwana utuhurumie", kutoka misa mojawapo ya mtunzi Johann Vanhal.

Kwa kuwa si haki kuomba jambo bila kulieleza, naeleza. Bwana Vanhal alizaliwa mwaka 1739 huko Nechanice, Bohemia, nchi ya Wacheki, katika ukoo wa wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya kabaila. Watu wa namna hiyo hawakuwa na uhuru wa kuhama wala kuoa bila idhini ya mwenye ardhi. Alijifunza fidla na kinanda kwa walimu wa vijijini. Mwanamke mmoja wa ukoo mkubwa alimsikia akipiga, akampeleka Vienna. Huko alifundisha wanafunzi, akatunga, na mapato ya kalamu yake akayatumia kujikomboa mwenyewe, akawa mtu huru. Aliandika simfoni nyingi, na misa nyingi zaidi ya wanavyodhani wale wanaowajua wakubwa wawili watatu tu wa zama zake.

Katika parokia yetu ya Bukavu, padri mmoja mgeni alitufundisha Kyrie hiyo akitupigia kila sauti kwenye kinanda chenye funguo mbovu. Bibi yangu, Natalia, ndiye aliyekuwa kiongozi wa sauti ya kwanza. Hivi sasa yuko kwenu Stafford, nyumbani kwa ndugu yake Esperance, akitibiwa koo katika hospitali ya Houston. Sauti imemwacha, masikio bado anayo. Siku zake, kama zetu sote, ziko mikononi mwa Mwenyezi. Ningependa aisikie Kyrie hiyo ikiimbwa na watu walio hai, si na kisahani cha muziki cha maktaba.

Nimepewa na mwajiri wangu ruhusa ya mwisho mmoja tu wa juma, ndio huo wa tarehe 11 Julai. Ndiyo maana nimetaja tarehe.

Nikitumaini kwamba ombi langu litapata masikio mema, naomba nibaki,

Wako mtiifu,
Mugisho Balthazar


Stafford
21 Juni 2004

Ndugu Mugisho,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako tumeipokea na kuisoma mbele ya Kamati baada ya misa. Sote tumesema hatujapata kupokea barua iliyoandikwa vizuri namna hii tangu tuanze Jumuiya. Wengi hapa huandika nusu Kiingereza.

Pole sana kwa kuuguliwa na Bibi. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi, Tukuyu, kwa hiyo najua uchungu wake. Hata leo nikinusa moshi wa kuni namkumbuka. Watu kama hao ni hazina, na inafurahisha kusikia kwamba Bibi aliimba enzi zake.

Tatizo ni tarehe. Jumapili ya 11 Julai tuna komunyo ya kwanza na ukumbi umeshapangwa. Kamati imependekeza tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni, ambayo kwetu ndiyo Jumapili ya Wazee. Siku hiyo wazee wetu huketi viti vya mbele, huombewa na kupewa zawadi. Tumeona Bibi Natalia apewe nafasi ya heshima kati yao, na kwaya iimbe Kyrie yako. Mwalimu wa kwaya, dada Kerubo, anasema atahitaji muda huo kwa sababu nota hizo si nyepesi. Tuma karatasi.

Kama tarehe hiyo haikufai, sema tu, tutazungumza tena.

Ndugu yako katika Kristo,
Ambilikile Mwaisumo
Katibu


Euless
28 Juni 2004

Mheshimiwa Katibu,

Nimeupokea uamuzi wa Kamati kwa unyenyekevu. Mwombaji haichagulii Kamati tarehe. Kwa hiyo nimekwenda kwa msimamizi wangu na kumwomba aihamishe ruhusa yangu kutoka Julai kwenda Agosti. Aliniuliza, "Una hakika, Mugisho? Nikiihamisha mara hii, siirudishi." Nikamjibu kwamba jambo limekwisha kuamuliwa na wenye mamlaka. Akatikisa kichwa, akaandika.

Nimeguswa kwamba mmemhesabu Natalia kati ya wazee. Kwetu neno hilo ni la heshima, halingojei mvi. Nami nampa heri bibi Tukuyu aliyekulea. Kama yu hai, mfikishie salamu zangu. Kama ametangulia, apumzike kwa amani.

Naambatisha karatasi za sauti zote nne, nilizozinakili kwa mkono. Naomba dada Kerubo asiharakishe. Mahali penye neno "eleison" kwa mara ya pili, sauti ya kwanza hubaki juu peke yake wakati nyingine zikishuka. Waimbaji wengi huogopa hapo, wakashuka pamoja na wenzao. Natalia hakuwahi kushuka.

Wako mtiifu,
Mugisho Balthazar


Stafford
9 Julai 2004

Baba Zoé,

Nakuandikia kwa sababu simu hainifai tena. Juzi ulipopiga, Esperance aliniwekea simu sikioni, nikakusikia: "Halo? Halo? Natalia, unanisikia?" Nilikuwa nakusikia. Nilikuwa nagonga kwa ukucha, nikafikiri utaelewa. Ukasema mtandao mbaya, ukakata.

Dokta alimwita Esperance kando. Esperance akarudi anacheka-cheka, akatwanga majani ya muhogo, akapika sombe sufuria nzima, na anajua simezi. Mtu akikupikia sombe usiyoweza kula, habari umeshaipata.

Barua yako nimeisoma. Kurasa nne, tatu za Vanhal. Eti alikwenda Italia, eti alirudi mgonjwa. Siku ulipokuja kuniposa pale Kadutu, Maman aliniambia, "Olewa na huyu. Mtu wa makaratasi hatakuletea mke mwenza." Maman alikosea. Umeniletea mke mwenza mzungu, mwanaume, tena mwenye wigi. Nilicheka hadi koo likaniuma, Zoé akakimbia kuniletea maji.

Sasa unasema ulikuwa uje Jumapili hii na umesogeza hadi Agosti. Kwa nini umesogeza? Nani alikulazimisha? Unasema Kamati. Mimi sikuolewa na Kamati.

Kyrie naikumbuka yote. Naiimba kichwani nikiwa chini ya mashine ya hospitali, na huko kichwani koo langu ni zima. Kwa hiyo usihangaike na kwaya. Wewe siwezi kukuleta kwa kichwa. Nimejaribu. Nakuona kwa nyuma tu, na koti lako la kazi.

Njoo. Usingoje wazee, usingoje suti. Zoé namwandikia kwa Kiswahili, "Baba anakuja," ananijibu kwa Kiingereza, "Lini?" Mjibu wewe.

Mama Zoé


Euless
14 Julai 2004

Kwa bibi yangu mpendwa Natalia,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Unauliza nani alinilazimisha. Hakuna. Lakini ulitaka nifanye nini? Kamati imekaa kikao kwa ajili yako, imekupa kiti cha mbele, nasi tu wageni kwao. Nikiwajibu kwamba tarehe yao hainifai, watasema Wakongo hawajui utaratibu.

Na kuja bila ruhusa siwezi. Unajua sababu, nami sipendi kuiandika. Asiyefika kazini hapa, jina lake hufutwa, na jina likifutwa bima hufutwa pamoja nalo, na bima hiyo ndiyo inayoifungua milango ya hospitali yako. Nikija kukaa nawe, nitakuwa nimekuja kukufungia mlango. Kila mzigo ninaounyanyua hapa nauhesabu kuwa ni dawa yako.

Umenicheka kuhusu Vanhal. Cheka. Lakini sikiliza jambo moja nililolipata maktaba juma hili. Walimtaka akaongoze muziki kwenye kasri la Dresden, kazi ya heshima kubwa. Hakuichukua. Wengine husema akili yake ilikuwa imeugua wakati huo, kwamba huzuni ilimfunga kwa muda mrefu. Kitabu hakisemi nani alimuuguza. Nilikipekua kwa makini nikitumaini kupata jina, sikulipata. Baadaye alipata nafuu, akaacha kuandika simfoni, akawa anaandika misa na vipande vya wanafunzi, akaishi hadi uzee wake. Mtu hupona, Natalia. Imeandikwa.

Agosti si mbali. Suti nimeipeleka kwa fundi aipunguze. Zoé mwambie tarehe 15.

Wako katika ndoa takatifu,
Mugisho


Stafford
26 Julai 2004

Mzee Mugisho,

Hatujaonana. Mimi ni Kerubo, muuguzi kule Sugar Land, na ndiye ninayeifundisha kwaya hii ya Stafford Kyrie yako. Nimekupigia simu tangu jana, inaita tu. Nimeambiwa kwamba ghalani hamruhusiwi kubeba simu. Barua hii anakuletea Dady, anayeendesha lori la Houston na Dallas. Nimemwambia asiiache kwa mlinzi, akupe mkononi.

Nisikupotezee muda. Jana nilitumwa na katibu, mzee Ambilikile, nimpelekee nyanya yako blanketi la Jumapili ya Wazee mapema, kwa vile tulisikia hatoki tena nje. Ndivyo alivyotuambia kikaoni: nyanya ya Mzee Mugisho, ajuza, anaumwa koo. Nikabisha hodi. Akafungua Esperance.

Nikamwuliza, "Nyanya yuko?"

Akanitazama. "Nyanya? Ziko kwenye friji. Unataka ngapi?"

Nikacheka, nikamwambia si za kupika, namtafuta yule mzee, bibi yake Mugisho. Akaniambia, "Bibi ya Mugisho ni dada yangu," akafungua njia. Nikamkuta mama wa rika langu ameketi kwenye kochi, kitambaa shingoni, kibao cha kuandikia magotini. Akalitazama blanketi, akaandika: "Mmenizeesha haraka." Nami nimesimama na blanketi lenye maua la kumfunika ajuza.

Nilimpigia mzee Ambilikile nikiwa pale pale mlangoni. Nikamwuliza, "Mzee, kwenu Tanzania bibi ni nani?" Akasema, "Si mama wa mama, au mama wa baba." Nikamwambia kwetu Kenya na kwao Kongo bibi ni yule unayelala naye kitanda kimoja. Aliniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Na alinipa salamu za bibi Tukuyu." Tukuyu ni mji, Mzee. Ndiko alikokulia. Siku ile alicheka na salamu zako akazionyesha watu, na bado hakushtuka. Hakuna aliyeshtuka. Mzee Otieno wa kamati yeye aliuliza huyo Vanhal anakuja na nani, atafutiwe mahali pa kulala. Tukamcheka huyo pia.

Tungejua ni mke wako, na jinsi alivyo, komunyo ya kwanza ingesogea. Ingesogea, Mzee. Nakuambia wazi.

Sasa naongea kama muuguzi. Nimewakalia wagonjwa wengi, na miguu ya mama Zoé nimeishika, imeanza kupoa. Usingoje tarehe 15. Usingoje Jumapili. Ukipata barua hii asubuhi, panda lori na Dady jioni hiyo hiyo, amekubali. Mambo ya kazi na bima tutayaongea ukiwa hapa, tuko watu.

Nilimwuliza kama anataka nimwimbie ile sauti ya kwanza, kwa kuwa nimeshaishika kidogo. Akaandika, "Mngoje." Nikamwuliza tena kabla sijaondoka, kwa sababu nilivyomwona sikutaka kuondoka hivi hivi. Akaliandika neno lile lile.

Kerubo


Stafford
16 Agosti 2004

Ndugu yangu Mugisho,

Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza na pole. Siku ya mazishi sikuweza kukusogelea. Nilikaa upande wa pili wa kaburi, nawe ulinipungia mkono kwa adabu kama mtu aliyenialika arusini, nikashindwa kabisa.

Dada Kerubo ametueleza yote. Ametueleza kwamba lori lilikuleta Stafford jioni ya siku iliyofuata barua yake, na kwamba marehemu alikuwa ameshafariki na mwili kuchukuliwa adhuhuri. Ametueleza pia kwamba ulimwuliza Esperance kama kulikuwa na mtu yeyote aliyemwimbia, na Esperance akasema hapana, mwenyewe alikataa.

Mimi ndiye niliyeisoma barua yako kikaoni. Mimi ndiye niliyesema, "Bibi wa watu, tumweke na wazee." Lugha ninayojivunia tangu shule ya msingi ndiyo iliyonidanganya. Nimeomba Kamati inipumzishe ukatibu. Wamekataa.

Jana, Jumapili ya Wazee, kwaya haikuiimba Kyrie. Waliofika waliuliza, tukasema imeahirishwa. Kamati sasa imeamua kwa kauli moja kwamba Jumapili ya tarehe 12 Septemba iwe misa ya kumkumbuka marehemu Natalia. Kyrie ya Vanhal itaimbwa yote, na tunakuomba wewe mwenyewe uje uiongoze. Sauti zote nne ziko tayari. Dada Kerubo anasema pale penye "eleison" ya pili hawashuki tena.

Ukitaka jambo lolote libadilishwe, hata kama ni kubwa, tuandikie. Safari hii hatutakisia maana. Tutakuja Euless kukuuliza ana kwa ana.

Nisamehe,
Ambilikile


Euless
23 Agosti 2004

Kwa Mheshimiwa Katibu na Kamati nzima,
Jumuiya ya Wakatoliki Wasemao Kiswahili,
Stafford, Texas.

YAH: NAMNA YA KUIMBA KYRIE TAREHE 12 SEPTEMBA

Waheshimiwa,

Nawashukuru kwa jeneza, kwa chakula, na kwa magari mliyoyatoa. Zoé atabaki kwa mama yake mdogo Esperance, na shule itamfungukia huko. Nawashukuru na kwa hilo.

Kuhusu neno "bibi", naomba lisijadiliwe tena katika Kamati. Mheshimiwa Katibu aendelee na kazi yake.

Kuhusu mimi, kazi ya ghala nimeiacha. Niliipeleka barua ya kuacha kwa msimamizi yule yule, akaniuliza ruhusa yangu ya Agosti naihamishia wapi. Hakuwa ameambiwa habari za msiba. Hakuna tena anayehitaji bima ile, kwa hiyo hakuna kinachonizuia hapa. Tarehe 12 nitakuja, na nitaiongoza kwaya kama mlivyoniomba.

Sasa naleta ombi, na kwa mara hii naliandika bila mapambo.

Nilikaa na karatasi za Kyrie siku nyingi baada ya mazishi. Nimejaribu kuisikia sauti ya kwanza ikiimbwa na mtu mwingine. Dada Kerubo ana sauti njema, Esperance ameniambia hivyo, nami sina shaka naye. Tatizo si yeye. Natalia aliulizwa mara mbili kama aimbiwe sauti hiyo, na mara mbili akaandika ningojwe. Sikufika. Sioni kwamba mimi ndiye mwenye haki ya kusikia sasa kile ambacho yeye alikizuia kwa ajili yangu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Sauti ya pili, ya tatu na ya nne ziimbe kila kitu kama Bwana Vanhal alivyoandika. Sauti ya kwanza inyamaze, tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaoiimba wasimame mahali pao, wazifungue karatasi zao, wahesabu mapigo yao, wasitoe sauti. Kinanda kisiijazie nafasi hiyo. Padri asiwaeleze waumini sababu.

Natambua kwamba hivyo sivyo misa hii ilivyotungwa. Natambua kwamba mahali pengi itasikika kama wimbo uliokatwa kichwa, na kwamba pale ambapo sauti ya kwanza hubaki juu peke yake hakutakuwa na kitu, na watu watadhani kwaya imesahau. Natambua pia kwamba nawaomba kina mama waliojifunza kwa miezi kadhaa wafunge midomo. Wanaweza kukataa, nami sitakasirika.

Kama Kamati na kwaya hawakubali, basi Kyrie isiimbwe kabisa. Iimbwe ile ya kawaida mnayoijua, nami nitakaa kwenye viti na Zoé.

Je, mnakubali sauti ya kwanza inyamaze? Naomba uamuzi wenu.

Mugisho Balthazar